Kifundo cha mguu kilichovunjika: chuma, plasta na hofu ya usaha

Mtu akiambiwa kifundo cha mguu wake kimevunjika na kinahitaji kufungwa bamba na skrubu, swali moja hutangulia mengine yote: je, kidonda hakitatunga usaha? Hospitalini ataambiwa hatari ni ndogo, asiwe na wasiwasi. Nyumbani ataambiwa chuma mwilini ni kujitafutia maradhi, bora plasta. Nionavyo, pande zote mbili zinajibu bila kuuliza mguu wenyewe ni wa nani.

Tuanze na takwimu, maana ndizo zinazopotosha zaidi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti kutoka California, Marekani, uliohusu wagonjwa zaidi ya 57,000 waliolazwa na kupasuliwa kifundo kati ya 1995 na 2005. Waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 1.4. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu 620 wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na humo asilimia 10 ya waliopasuliwa walipata maambukizi au kidonda kilifumuka. Anayesoma haraka atadhani mmoja kati ya hao amekosea hesabu. Hakuna aliyekosea. Wale wa California walihesabu wagonjwa waliorudi kulazwa ndani ya siku 90 baada ya kuruhusiwa. Aliyevuja majimaji kwenye mshono, akapewa vidonge na kupona akiwa nyumbani, hayumo. Wale wa Uingereza walichunguza wazee peke yao, na vidonda vilivyofumuka wakavijumlisha humo humo. Kwa hiyo daktari anayemtajia bibi wa miaka 75 asilimia moja au mbili hajasema uongo, ila takwimu hiyo si ya bibi huyo.

Kifundo kina udhaifu wa kimaumbile ambao paja halina. Paja lina nyama nene, na bamba huzama ndani yake. Pitisha kidole juu ya nundu ya mfupa upande wa nje wa kifundo: ni ngozi, kisha mfupa, katikati hakuna kitu cha maana. Bamba likiwekwa pale hukaa milimita chache tu chini ya mshono, na mshono ukiachia sehemu ndogo kama ukucha, chuma kinaweza kuonekana. Bakteria wakishafika pale, hasa Staphylococcus aureus anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya njema, hujijengea utando juu ya chuma unaowakinga dhidi ya dawa na dhidi ya kinga ya mwili. Ndiyo maana maambukizi ya juu juu huisha kwa vidonge, na yaliyofika kwenye chuma mara nyingi hayaishi mpaka mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji.

Mpaka hapo wapenda plasta watasema wameshinda. Bado. Kifundo hubeba uzito wote wa mwili kwenye eneo dogo sana, na mifupa yake hailingani kwa kubahatisha. Jaribio la maabara la 1976 lilionyesha kuwa mfupa wa talasi, ule unaokaa ndani ya kifundo chini ya mfupa wa muundi, ukisogea pembeni milimita moja tu, eneo la mgusano ndani ya kifundo hupungua kwa asilimia 42. Kijana wa miaka 30 aliyevunjika pande zote mbili za kifundo, akaunga vibaya kwa sababu aliogopa usaha, anajitafutia maungio yaliyosagika na maumivu ya miaka mingi mbele yake. Kwa mtu huyo, asiyevuta sigara, asiye na kisukari, na ngozi yake nzima, kukataa upasuaji kwa hofu ya maambukizi ni kukimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa. Mvunjiko uliotulia, usiosogea hata akisimama, ni habari nyingine kabisa: huo hauhitaji chuma, na hatari ya usaha wa upasuaji haipo.

Ule utafiti wa Uingereza unastahili kusomwa wote, si asilimia 10 peke yake. Wazee wale waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa, wengine wakafungwa plasta maalumu inayobana mguu kwa karibu, na madaktari wa mifupa ndio waliofunga, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi au ya ganzi. Baada ya miezi sita, uwezo wa kutembea wa makundi mawili ulikuwa sawasawa. Kwa waliofungwa plasta, matatizo ya kidonda yalikuwa asilimia 1. Lakini asilimia 15 yao mifupa iliunga ikiwa imepinda, dhidi ya asilimia 3 ya waliopasuliwa, na takriban mmoja kati ya watano aliishia kupasuliwa baadaye. Mimi naona hiyo ni hoja nzito ya kumpa mzee nafasi ya kuchagua. Si hoja ya kumfunga plasta ya kawaida harakaharaka na kumwambia arudi baada ya wiki sita, kwa sababu plasta iliyofanya vizuri kwenye utafiti ilikuwa kazi ya ustadi iliyofuatiliwa kwa picha za eksirei.

Mgonjwa wa kisukari ndiye anayevuruga kila kanuni. Damu haifiki vizuri miguuni, sukari iliyopanda hudhoofisha kinga, na kidonda chake huchelewa kufunga. Angepaswa kuwa wa kwanza kuepushwa na kisu. Lakini mguu wake huenda umekufa ganzi: plasta ikimchubua kisigino hatasikia, atakanyaga mguu kabla ya wakati wake, na mfupa utasambaratika ndani bila maumivu ya kumwonya. Plasta kwake si kimbilio salama kama wengi wanavyodhani. Kinachobaki ni kudhibiti sukari, kupima mtiririko wa damu na hisia za nyayo kabla ya uamuzi wowote, na kumwambia wazi kwamba njia zote mbili zina gharama.

Kuna jambo linalowaudhi sana ndugu wa mgonjwa: kusubiri. Mguu umevimba, umeinuliwa juu ya mito, siku zinapita na hakuna upasuaji. Mara nyingi si uzembe. Ngozi iliyovimba ikang'aa na kutoa malengelenge, ukiipasua haifungiki vizuri, kwa hiyo daktari husubiri mpaka mikunjo midogo ionekane tena. Kinachopaswa kuwakasirisha ni kifundo kilichoteguka kuachwa bila kurudishwa mahali pake siku hiyo hiyo, kwa sababu mfupa unaosukuma ngozi kutoka ndani huiua. Mfupa uliotoboa ngozi nao unahitaji antibayotiki mapema iwezekanavyo na kusafishwa, hausubiri uvimbe ushuke.

Antibayotiki ndipo hisia na ushahidi vinapoachana. Wengi hutaka vidonge vya wiki nzima baada ya upasuaji, na naelewa kwa nini, kwani kumeza kitu hutuliza moyo. Dozi yenye kazi hasa ni ile inayochomwa kabla ya ngozi kuchanwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapinga kuendeleza dawa za kinga baada ya upasuaji kwisha. Mambo madogo kuliko hayo huleta tofauti: utafiti uliotoka 2024 ulilinganisha dawa mbili za kusafishia ngozi, zote zenye spiriti, kwa watu waliovunjika mguu au nyonga. Kwa mivunjiko isiyo na kidonda, yenye ayodini iliacha maambukizi asilimia 2.4, yenye klorheksidini asilimia 3.3.

Vidonge vina hatari yake pale dalili za maambukizi zinapoanza. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mshono unaoendelea kutoa majimaji, joto, uvimbe unaorudi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo gusa, usitegemee macho peke yake. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa bila aliyempasua kukifungua kidonda na kukitazama, homa hushuka na usaha hubaki juu ya bamba. Sampuli za kidonda zikichukuliwa mapema hutaja bakteria gani anayetibiwa. Zikichukuliwa baada ya siku kadhaa za vidonge, maabara mara nyingi haioteshi kitu, na mgonjwa hutibiwa kwa kubahatisha huku mfupa wake haujaunga bado.