Kucheka Bila Mtani

Mwambie mtu wa Mtwara kwamba kuna watu wanakutana asubuhi na mapema kucheka kwa makusudi, bila kichekesho chochote, uone atakavyokutazama. "Kwani hapa tumeishiwa watani?" Swali hilo nimeulizwa sana, na lina haki ya kujibiwa, maana mimi ni katika wanaotaka yoga ya kicheko ifanyike ufukweni Shangani.

Utani kwetu kusini si mchezo. Kwenye msiba mmoja upande wa Mikindani, mtani wa marehemu alijilaza mlangoni jeneza likitaka kutoka. "Huyu kala kuku wangu, hatoki hapa mpaka nilipwe!" Akapewa elfu mbili, akaigeuzageuza kama noti bandia, akadai iongezwe. Binti wa marehemu, macho yamevimba kwa kulia tangu usiku, akajifunika ushungi mdomoni kuficha kicheko. Aliyeshuhudia hayo haambiwi faida ya kucheka.

Ila utani una masharti yake: lazima uwe na mtani. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera, muuguzi aliyepanga chumba Magomeni, kijana aliyefuata kazi bandarini, hao watani wao wako mbali. Jioni yao ni chumba na simu. Halafu utani una mlengwa, na wapo wanaotaniwa wakacheka usoni huku moyoni wanaumia.

Shida hiyo ya mlengwa aliikuta pia Madan Kataria, daktari wa Mumbai, India. Machi 1995 alianza kukutana bustanini na watu wanne watano, wakisimuliana vichekesho. Haikuchukua muda vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na vya kudhalilisha watu, wengine wakakereka. Kataria akaviacha vyote, akabaki na kicheko chenyewe. Mkewe, Madhuri, alikuwa mtu wa yoga, ndipo mazoezi ya pumzi yakaingizwa. Siku hizi hata Siku ya Kicheko Duniani ipo, Jumapili ya kwanza ya Mei.

Zoezi lenyewe halina maajabu. Mnapiga makofi kwa mdundo, "ho ho, ha ha ha", mnapeana mikono mkitazamana machoni, mnacheka, kisha mnavuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Kinaanza kicheko cha kujilazimisha, cha aibu. Lakini ukimwona mzee mwenye heshima zake anajikakamua kusema "ha ha" na haimtoki, umekwisha. Cha kweli kinakuja chenyewe.

Wataalamu nao wamekichunguza kicheko. Robin Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wakicheka pamoja huvumilia maumivu zaidi, wakahusisha hali hiyo na endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Robert Provine naye aliona kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha jambo: kicheko ni kisingizio tu, tunachokifuata ni wenzetu. Mtu mliyecheka naye Jumamosi, Jumatatu mkikutana sokoni hampitani kama hamjuani.

Atatokea wa kukumbusha Kashasha, kule karibu na Bukoba, ambako mwaka 1962 wasichana wa shule walishikwa na kicheko kikaenea mpaka shule ikafungwa. Wale hawakuwa na furaha. Kiliwajia bila hiari, na vilio ndani yake. Huku kwenye yoga ya kicheko unaanza ukitaka, unaacha ukitaka.

Mwenye ngiri, kifafa, presha iliyopanda au mshono wa operesheni amwone daktari kwanza. Na mwenye sonona asidanganywe kwamba makofi ufukweni yanachukua nafasi ya tiba.

Vikundi vya jogging vya Jumamosi tayari vinaishia ufukweni kunyoosha viungo. Viongeze dakika kumi na tano hapohapo, bila kiingilio, bila fulana za sare za kununua (hizo ndizo huvunja vikundi vyetu). Kama neno yoga linawatia watu wasiwasi wa imani, yaitwe mazoezi ya kicheko, yaishe. Wa kwanza kualikwa wawe wageni wa mji. Na watani wakija kutukejeli, wawekwe mstari wa mbele.