Nani Mwenye Kauli juu ya Moshi wa California?

Mgogoro wa viwango vya moshi wa magari nchini Marekani huelezwa mara nyingi kama ugomvi wa vyama: California ya Democrat upande mmoja, Washington ya Republican upande wa pili. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaacha jambo zito zaidi, nalo ni kwamba mamlaka ya California juu ya moshi wa magari hayakutokana na ukaidi wa jimbo, bali yaliwekwa na Bunge la shirikisho lenyewe mwaka 1967. Naamini Bunge hilo lina haki ya kuyaondoa. Ninachopinga ni namna lilivyojaribu kuyaondoa mwaka 2025.

Historia yake inaeleza mengi. Mnamo Julai 1943 ukungu mzito wa moshi uliifunika Los Angeles, ukawatoa watu machozi na kuwakereketa koo, na ilichukua miaka kadhaa kumjua mkosaji. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mafuta yasiyoungua vizuri na oksidi za nitrojeni, vikipigwa na jua, huzaa ozoni. Los Angeles ilikuwa na kila kilichohitajika: magari mengi, jua la karibu mwaka mzima, milima inayoizuia hewa isitoke, na tabaka la hewa ya joto linaloifunika hewa baridi itokayo Pasifiki. Jimbo likaweka viwango vyake vya moshi wa ekzosi kwa magari ya mwaka 1966, kabla ya serikali ya shirikisho kuwa na chochote. Bodi inayovisimamia hadi leo iliundwa mwaka 1967 kwa sheria iliyotiwa saini na gavana wa Republican, Ronald Reagan.

Mwaka huohuo makampuni ya magari yalilitaka Bunge lizuie kila jimbo kujiwekea viwango, kwa hofu iliyoeleweka ya kulazimika kuunda gari tofauti kwa kila soko. Bunge lilikubali, kisha likaiacha California nje ya zuio hilo, kwa sharti kwamba iombe kibali cha shirikisho, kibali ambacho sasa hutolewa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA. Sheria hailiachii shirika hilo uhuru wa kukataa litakavyo: viwango vikiwa, kwa ujumla wake, havipungui ukali wa vile vya taifa, na jimbo likiwa na mazingira ya kipekee yanayovihitaji, kibali hutolewa. Mwaka 1977 majimbo mengine nayo yaliruhusiwa kuchagua viwango vya California, bila kuongeza wala kupunguza. Matokeo yake ni nchi yenye viwango viwili tu, cha taifa na cha California, na kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa mipango yenye busara zaidi ambayo Bunge hilo limewahi kuibuni kuhusu mazingira.

Busara yake ni kwamba jambo jipya hupata mahali pa kujaribiwa. Mwaka 1973 mkuu wa EPA, William Ruckelshaus, alipokubali kuwaongezea watengenezaji mwaka mmoja kabla ya kutimiza viwango vikali vya taifa, aliiwekea California kiwango cha mpito kilichokuwa kikali kuliko cha kwingine, kusudi kifaa kipya cha kusafisha moshi kianze kutumika kwa wingi huko. Kifaa hicho ndicho ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, na ambacho siku hizi hung'olewa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani kwa sababu ya madini yake ya thamani. Ajabu ni kwamba kitu kilichobuniwa kulinda mapafu kinaishia kuuzwa kama chuma chakavu. Hata udanganyifu wa Volkswagen uliofichuka mwaka 2015 ulibanwa kwa sehemu kubwa na wahandisi wa bodi ya California, waliorudia vipimo vyao hadi kampuni ikakosa pa kujificha.

California nayo hukosea. Mwaka 1990 iliagiza kwamba asilimia 2 ya magari mapya ya mwaka 1998 yasitoe moshi kabisa, lakini betri za wakati ule hazikuwa tayari, na mwaka 1996 ikaahirisha amri yake. Kosa hilo lililipiwa huko huko, si katika nchi nzima.

Hoja ya wapinzani ambayo siwezi kuibeza ni ile ya Ohio na majimbo mengine yaliyokwenda mahakamani kudai usawa wa majimbo: kwa nini jimbo moja lipewe mamlaka ambayo mengine hayana, na wapigakura wa Ohio waathiriwe na maamuzi ya watu wasiowachagua? Hoja hiyo inapata nguvu zaidi tukizungumzia kaboni dioksidi, gesi inayoipasha dunia joto, kwa kuwa ukungu wa Los Angeles hukaa Los Angeles, ilhali kaboni dioksidi haina kwao. Ni vigumu kusema kwamba California ina tatizo la pekee la gesi inayoenea dunia nzima. Nakubali kwamba hapo jimbo linasimama kwenye ardhi laini. Hata hivyo, injini inayotoa kaboni ndiyo inayotoa oksidi za nitrojeni, na joto likizidi ozoni huongezeka, kwa hiyo mpaka unaochorwa na wanasheria kati ya uchafu wa mahali na uchafu wa dunia si rahisi kuuona kwenye ekzosi.

Kuna ugumu mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Sheria ya shirikisho inaliwajibisha kila jimbo kufikia viwango vya hewa safi, na jimbo likishindwa kutekeleza wajibu wake linaweza kunyimwa fedha za barabara. Eneo la Los Angeles na bonde la San Joaquin yamo katika daraja baya kuliko yote kwa ozoni, na chanzo kikubwa ni magari na malori. Kulinyang'anya jimbo mamlaka juu ya magari hayo huku wajibu ukibaki palepale ni kumfunga mtu mikono kisha kumwagiza aogelee. Wakenya wanaweza kulitambua tatizo hili: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, ilhali ubora wa magari yanayoingizwa nchini huamuliwa na taasisi za taifa.

Kwa miaka mingi vibali vilitolewa bila kelele. Kisha utawala wa George W. Bush ulikataa kibali cha viwango vya gesi joto, kama kaboni dioksidi. Mwaka 2009 utawala wa Obama ukakitoa. Mwaka 2019 utawala wa Trump ukafuta kibali kingine cha gesi joto, kilichotolewa mwaka 2013. Mwaka 2022 utawala wa Biden ukakirudisha. Kiwanda cha magari hupanga kwa miaka mingi mbele, na ndiyo maana mwaka 2019 Ford, Honda, BMW na Volkswagen ziliamua kupatana na California moja kwa moja, zisisubiri Washington ijue inataka nini. Wanaohubiri haki za majimbo, kwa upande wao, walikuwa mstari wa mbele kuliondolea jimbo haki yake.

Kisha ukaja mwaka 2025. Bunge lilitumia sheria ya mwaka 1996 inayoliruhusu kubatilisha kanuni mpya za mashirika ya serikali kwa kura zinazozidi nusu tu, ingawa ofisi yake ya ukaguzi pamoja na mshauri wa taratibu za Seneti walikuwa wamesema kwamba kibali cha California si kanuni ya aina hiyo. Seneti ilipiga kura 51 kwa 44 kubatilisha kibali cha amri ya California kwamba magari mapya yanayouzwa humo yasitoe moshi ifikapo 2035, na tarehe 12 Juni Trump akatia saini maazimio matatu. Moja kati yake lilihusu oksidi za nitrojeni za malori, yaani ukungu uleule wa Haagen-Smit, kwa hiyo hoja ya kwamba California ilivuka mpaka kwa kujiingiza katika hali ya hewa ya dunia haiwezi kulieleza azimio hilo. California na majimbo mengine kumi yalifungua kesi siku hiyohiyo.

Kinachonisumbua ni kwamba sheria hiyo ya 1996 inalizuia shirika kutoa tena kanuni inayofanana na iliyobatilishwa mpaka Bunge liidhinishe kwa sheria mpya, na pia inabana uwezo wa mahakama kuhoji. Kifungu cha 1967 kinabaki kitabuni, kikisema California inaweza kuomba, lakini mlango wa kuombea umefungwa na watu ambao hawakukigusa. Wanaoona kwamba kifungu hicho kimepitwa na wakati walete muswada wa kukifuta, waujadili mbele ya maseneta wa majimbo yote, na wazitafute kura 60 ambazo kwa kawaida muswada kama huo huzihitaji katika Seneti.