Mama wa Maji ya Chai aambiwe anakunywa floraidi kiasi gani

Wengi wetu tulio huku tukipiga simu nyumbani huwa tunasifia bomba. "Huku unakinga, unakunywa, hakuna cha kuchemsha." Nimelisikia hilo kwa Watanzania wenzangu, na nalisikia kila mara kwa Wakongo ninaosali nao hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Ni kweli. Ila kuna jambo jingine kuhusu maji ya huku ambalo hatulisimulii, kwamba anayeyanywa huandikiwa kilichomo ndani yake, na kwa mtu wa kwetu lina faida kubwa kuliko hilo la kwanza. Mimi natoka Meru, mkoani Arusha, upande wa Maji ya Chai, na meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota.

Mtu wa Arusha haniulizi kwa nini. Nje ya Arusha ndiko nilikoulizwa. Shule ya bweni, Iringa, wenzangu walidhani sipigi mswaki. Nawajua watoto wa kwetu waliosugua meno kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zikatoka damu, na rangi ikabaki palepale. Ni kazi ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu. Huingia kwenye jino wakati linajengwa ndani ya ufizi, tangu uchanga hadi kama umri wa miaka minane. Jino likishachomoza na madoa yake, basi. Na rangi ya meno ndiyo nafuu. Kiasi kikizidi sana kwa muda mrefu, mifupa nayo inaathirika. Kijiji kama Kitefu kimeandikwa sana na watafiti kwa sababu ya watoto wake waliopinda miguu, wengine matege, wengine magoti yanagongana. Chanzo ni mlima wetu wenyewe. Miamba ya volkano ya Meru ina madini hayo, na maji yanapopita humo huyayeyusha na kushuka nayo hadi kwenye ndoo zetu.

Maisha yakanileta kwenye mji wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi. Ilikuwa tarehe 25 Januari 1945. Watafiti wa afya wa serikali ya Marekani, akiwemo daktari wa meno H. Trendley Dean, walikuwa wamebaini kwamba kiasi kidogo, kama miligramu 1 kwa lita, hupunguza kuoza kwa meno bila kuyatia madoa mabaya. Wakaichagua Grand Rapids kwa majaribio, na mji wa jirani wa Muskegon ukaachwa bila kutiwa ili wapate cha kulinganisha. Miaka 11 baadaye Dean akatangaza kwamba kuoza kwa meno kwa watoto waliozaliwa baada ya mpango kuanza kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Muskegon hawakungoja hata majaribio yaishe. Walianza kutia floraidi mwaka 1951. Siku hizi kiasi kinachopendekezwa nchi nzima, tangu 2015, ni miligramu 0.7, na bado watu wanavutana. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yalipiga marufuku kuitia kabisa. Mwaka mmoja kabla, ripoti ya wataalamu wa sumu wa serikali ilisema, kwa uhakika wa kadiri, kwamba maji yenye floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na kushuka kwa akili ya watoto.

Wamarekani wanabishana juu ya 0.7. Kwetu kuna mito na chemchemi zenye zaidi ya 10, na watu wamezinywa vizazi na vizazi.

Sasa nije kwenye lile tusilolisimulia. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, kila mamlaka ya maji ya hapa inatakiwa kisheria iwapelekee wateja wake ripoti ya maji waliyokunywa mwaka uliotangulia. Sheria yenyewe ya maji salama ya kunywa ni ya 1974, na sharti hili la ripoti liliongezwa mwaka 1996. Ya hapa Grand Rapids inaeleza kwamba maji yanatoka Ziwa Michigan, kisha linafuata jedwali: kitu kilichopatikana, kiasi chake, kikomo cha sheria, na kilikotoka. Madini ya risasi yamo, shaba imo, floraidi imo. Huhitaji kuomba wala kumjua mtu ofisini. Tena kuna taarifa zisizosubiri ripoti ya mwaka. Vijidudu vya kinyesi vikithibitika kwenye maji, watu waambiwe ndani ya saa 24. Floraidi ikivuka miligramu 2, wateja waandikiwe taarifa ndani ya miezi 12, na taarifa hiyo imwonye mzazi kwamba watoto walio chini ya miaka tisa wanaweza kuharibikiwa meno.

Niliposoma sharti hilo la floraidi nilimfikiria mama yangu. Alitulea wote kwa maji ya mfereji, akayachemsha kwa uaminifu kama bibi afya alivyomfundisha, kwa hofu ya kipindupindu na homa ya matumbo. Alifanya sahihi kwa vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi hata chembe. Maji yakipungua sufuriani, kilichobaki kinakuwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Na pale nyumbani kulikuwa na bati, mvua za masika zilikuwa zinanyesha, na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mtu angemwambia tu "maji haya yana kiasi hiki, uji wa mtoto mchanga pikia ya mvua," angefanya. Hakuna aliyemwambia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huwashangaza wengi: kikomo chetu cha floraidi ni kikali kuliko cha Marekani. Kikomo cha serikali kuu ya Marekani ni miligramu 4 kwa lita, tangu 1986. Cha Tanzania sasa ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na kiwango cha Afrika Mashariki. Hatukuanzia hapo. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji ya vijijini viliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu vyanzo vingi vingelazimika kufungwa na watu hawakuwa na maji mengine. Baadaye ikawa 4, kisha ikashuka hadi 1.5. Mimi siwalaumu waliokubali 8 mwaka ule. Mwenye chanzo kimoja tu hawezi kuambiwa asinywe. Ninachokililia ni kwamba namba ilibadilika mara zote hizo mezani kwa wataalamu, na aliyekuwa anakunywa hakujua wakati wowote yeye yuko kwenye ngapi.

Na hata 1.5 haikuteremka kutoka mbinguni. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake ya ubora wa maji ya kunywa kuanzia 1984, na likaiita miongozo kwa makusudi, ili kila nchi ipime hali yake yenyewe kabla ya kuandika kiwango. Kwa kemikali nyingi hesabu yao huanza na mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 kwa siku. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki hanywi lita 2 jua likiwa kali, anakunywa zaidi. Halafu jioni anakula makande yaliyolainishwa kwa magadi, na magadi ya ukanda wetu nayo yana floraidi. Miongozo yenyewe inasema wazi kwamba nchi inapoweka kiwango cha floraidi itazame hali ya hewa, kiasi cha maji watu wanachokunywa, na wanachopata kutoka vyanzo vingine. Kwa hiyo Meru, 1.5 isichukuliwe kama kibali cha kujaza mpaka ukingoni. Ningependa wataalamu wetu wa Shirika la Viwango (TBS) na Wizara ya Maji waiseme hiyo kwa sauti, na rasimu za viwango zinapotolewa kwa maoni ya wananchi zisomwe pia kwenye mikutano ya vijiji vya mlimani.

Najua kuna atakayesema: mbona huko kwenye ripoti zenu ndiko kulikotokea Flint? Flint ni Michigan hiihii, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka ninapoishi, na sitaki kuipita haraka. Aprili 2014 mji ule ulihamishwa kutoka maji ya Detroit hadi ya Mto Flint ili kupunguza gharama, na haukutia dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Mabomba ya zamani ya risasi yakaanza kumwaga risasi majumbani. Watu walilalamika rangi, harufu, vipele. Wakajibiwa kwamba maji yako salama. Kulikuwa na kikomo, cha sehemu 15 kwa bilioni. Kulikuwa na vipimo. Lakini wakati wa kukusanya sampuli watu walielekezwa kuyaacha maji yamwagike kwanza kabla ya kukinga, jambo linalopunguza risasi, na mwaka 2015 sampuli mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye hesabu, na mji ukabaki chini ya 15. Mojawapo ilitoka nyumbani kwa LeeAnne Walters, mama wa watoto wanne, ambaye hakunyamaza. Akamtafuta profesa Marc Edwards wa Virginia Tech, wakapima upya nyumba kwa nyumba. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akafungua kumbukumbu za hospitali na kuonyesha kwamba risasi imepanda kwenye damu ya watoto. Oktoba 2015 mji ukarudishiwa maji ya Detroit. Mpaka leo wapo wakazi wasioyaamini maji yao.

Ndiyo, ripoti inaweza kudanganya. Lakini angalieni Flint ilivyofichuliwa: mama alikuwa na namba ya kikomo, akapata namba ya bomba lake, akaziweka pamoja. Bila namba hizo angebaki na malalamiko tu. Mwaka 2018 Michigan iliandika kanuni ya risasi kali kuliko ya taifa, na kuagiza mabomba yote ya risasi yang'olewe.

Nyumbani hatukosi taasisi. Maabara za ubora wa maji za Wizara zipo. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inasimamia mamlaka za mijini na kutoa taarifa za utendaji kila mwaka. RUWASA, wakala wa maji wa serikali, ipo vijijini tangu 2019. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi, na ni kazi ya kujivunia. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga pia kuwaondoa watu kwenye maji yenye floraidi. Lakini asilimia ya mji mzima iliyochapishwa kwenye taarifa haimsaidii mama anayekinga kwenye gati moja, yaani kituo kimoja cha bomba la umma, kwenye kitongoji kimoja. Mlimani chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, na floraidi haina rangi, haina harufu, wala ladha ya kukushtua. Hata chujio la mkaa wa mifupa hujaa baada ya muda na kuacha kuchuja, maji yakiendelea kutoka meupe vilevile. Pasipo kipimo hakuna anayejua.

Wanaohofia kwamba watu wakiambiwa watataharuki, nawasikia. Lakini mama wa Kitefu ameshawaona watoto waliopinda miguu. Tusidhani tunamkinga na habari. Anayejua kiasi anaweza kupanga: ya mvua kwa mtoto, ya gati la juu kwa kunywa, ya mfereji kwa kufua na ng'ombe. Asiyejua anatumia yote kwa yote.

Na njia za kumwambia zipo tayari. Mamlaka nyingi siku hizi zinatuma bili kwa ujumbe wa simu, na uniti ulizotumia na namba ya malipo. Kwenye ujumbe huohuo iongezwe mistari miwili: floraidi kiasi gani, ilipimwa lini. Kwa vijijini ipakwe rangi kwenye ukuta wa gati na kwenye tangi la shule, na chombo cha watumia maji kiibadilishe kila kipimo kipya kikija. Bei ya ndoo tunaibandika. Hii nayo ibandikwe. Wizara ikitaka kuanzia sehemu moja, ianzie wilaya ya Meru, na iwape kipaumbele wanawake wanaohudhuria kliniki, kwa sababu watoto wao ndio ambao meno na mifupa bado vinajengwa.

Ninyi mlioko nyumbani, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ujao, anayechangia hoja ya maji amuulize mtendaji mbele ya wote: gati letu lilipimwa lini, floraidi ilikuwa ngapi, na karatasi ya maabara iko wapi tuione. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Nasi tulio nje, ambao kila mwaka tunachangishana kwa ajili ya kisima au tangi, tusitoe senti ya kuchimba kabla karatasi hiyo haijaletwa.