Kilicholia KRAA Hakikuwa Mtutu

Nianze kwa kukanusha. Bunduki haikulipuka. Narudia kwa ajili ya shangazi zangu wa Morogoro: HAIKULIPUKA. Shemeji yangu, ambaye anakula na kulala kwangu hapa Texas, amerusha kipande cha video kwenye kundi la familia. Sekunde chache tu: mlio, vumbi jeupe, halafu mimi chali sakafuni. Chini kaandika, "Shem kajilipua na bunduki, tumwombee." Toka jana usiku simu haijapoa. Mama mkubwa ameshaulizia mweka hazina ni nani.

Basi wakuu, sikieni toleo la marehemu mwenyewe.

Bunduki ni ile Model 1917, ya boliti (kile chuma cha nyuma unachokivuta kwa mkono kuingiza risasi), ambayo Wamarekani walikwenda nayo Ufaransa kwenye Vita ya Kwanza. Ramani yake ni ya Waingereza, ila zilitengenezwa huku huku kwa viwanda vitatu, na yangu imegongwa muhuri wa Eddystone, kiwanda cha Pennsylvania. Bodi, yaani kile kiwiliwili cha chuma ambamo mtutu unafungwa, nzima, boliti nzima, kitako kimechakaa kwa heshima. Mtutu ndio ulikuwa umekwisha. Risasi za jeshi za zamani zilikuwa na fataki (kile kiwashio cha baruti kwenye tako la risasi) zinazoacha chumvi ndani ya chuma; askari asipousuuza kwa maji na kupaka mafuta, kutu inajilia taratibu. Wa kwangu ulishaliwa mpaka mifereji ya ndani huioni vizuri. Nikanunua mtutu mpya. Kilichobaki, nikajiambia, ni kufungua ule, kufunga huu.

(Mnaoandika "bunduki ya nini bro", tulieni. Wengine mnafuga njiwa, hamjaulizwa.)

Na usalama niliuzingatia, hilo mnipe. Boliti nilitoa nikaiweka chumba kingine. Chemba nilichungulia, nikapitisha na kidole. Risasi hata moja haikuwepo gereji. Geji zangu nilishanunua, ile ya kupita na ile ya kutopita, maana ukishafunga mtutu mpya lazima upime umbali kutoka uso wa boliti hadi pale ndani ya chemba ambapo bega la risasi linazuiwa. Boliti ikifunga kwa ulaini juu ya geji ya kwanza na ikagoma juu ya ya pili, uko salama. Ikifunga zote mbili, ganda linaweza kukatika ukifyatua, na moto ule wa gesi unakuja upande wenye sura yako. Haya yote nilikuwa nayajua vizuri. Nilimhutubia shemeji nusu saa nzima. Ndiyo maana alikuwa na simu mkononi: alidhani ni somo.

Nisichokizingatia ni ukuta.

Mitutu ya Eddystone, wazee wa huku wanasimulia, ilikazwa kiwandani kwa nguvu ya kupita kiasi. Kuna bodi zimepasuka kwa sababu ya mtu kulazimisha kuufungua. Mimi nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaubana mtutu kwenye jiliwa la meza yangu ya kazi, nikafunga spana ya bodi, nikavuta. Kimya. Nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili kuongeza urefu. Nikavuta. Kimya. Shemeji akasema, "Shem, ning'inia."

Nikaning'inia. Miguu nimeikunja hewani, mikono yote miwili kwenye bomba, popo kwenye mwembe.

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo heshima yangu ilipokatikia. Kila anayefanya kazi hii atakwambia kwamba mtutu uliokaa mahali pamoja miaka zaidi ya 100 hauachii kimya kimya, unalia. Nami nilikuwa nausubiri huo mlio kwa hamu. Ukaja. KRAAA! Mzito, mtamu, wa kuingia kifuani. Nikiwa bado hewani nikapiga ukelele, "IMEACHIAAA!" Kwenye video unasikika vizuri sana, shangwe tupu.

Na kweli bomba likaanza kushuka, nami nashuka nalo, natabasamu. Katikati ya tabasamu nikagundua kwamba spana inashuka, na mtutu unashuka, na jiliwa linashuka, vyote kwa mwendo mmoja. Nikainua macho. Skrubu za meza zilikuwa zinatoka ukutani, moja baada ya nyingine, kila moja na kidonge chake cha jipsamu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaitazama kabisa, tukaonana. Huku kuta ni jipsamu wakuu, siyo tofali la kuchoma la kwa babu. Mtu mwenye akili angeachia bomba. Mimi nikalishika zaidi.

Nikatua na makalio kwenye beseni la grisi ya zamani niliyokuwa nimeikwangua kwenye bunduki. Beseni likateleza, likanipeleka hadi kwenye tairi la gari. Nyuma yangu meza ikalala, jiliwa likagonga sakafu pale pale nilipokuwa nimetoka, na ukuta ukatumalizia vumbi kichwani. Beseni ndilo lililoniokoa, msilitukane. Na mtutu? Haukusogea hata unywele.

Mama watoto akafungua mlango. Akautazama ukuta, uliokuwa na shimo la kupita mbuzi. Akatazama kaptula yangu. Akauliza kwa upole ule unaotisha, "Na hii nyumba ya kupanga, baba?"

Mengine mafupi. Mguu umevimba, hakuna mfupa uliovunjika. Asubuhi nimepeleka bunduki kwa fundi bunduki mwenye leseni. Hakuning'inia popote. Alifunga mtutu kwenye mashine ya kukereza, akakata kijifereji mbele kidogo ya bodi, mkazo ukapungua, akauzungusha kwa spana moja huku ananiuliza habari za Serengeti. Bodi kaipima, haina ufa. Mtutu mpya ataufunga yeye, geji atapima yeye, na risasi ya kwanza atafyatua kwa kamba akiwa mbali nayo. Bei sitaji, mama watoto yumo humu.

Mwenye nyumba anakuja Jumamosi kukagua, kwa hiyo nauza haraka: meza imara ya kazi na jiliwa lake, mzigo unachukulia Texas. Kipande cha ukuta bado kimeng'ang'ania nyuma yake, hicho nakupa bure. Shemeji pia yupo, bei tunaongea.