Kuurejesha Mkono wa Bahari wa Darajani Kwenye Ramani

Mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili, ulifukiwa hatua kwa hatua wakati wa utawala wa Waingereza, na sehemu yake leo imekaliwa na Barabara ya Benjamin Mkapa. Jina la Darajani limebaki, daraja halipo. Je, inafaa kuirejesha mandhari hiyo kwa ramani za kidijitali?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Tangu 2016 Unguja na Pemba zimepigwa picha kwa droni, katika kazi iliyoishirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa hiyo upo msingi sahihi wa kulazia ramani za karne ya 19 kwa kuoanisha alama zisizohama, kama Ngome Kongwe. Manufaa yake hayawahusu wanahistoria peke yao: viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyomo katika eneo lililofukiwa, huingiwa na maji wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, na anayepanga mitaro ya mji anahitaji kujua maji yalipita wapi zamani.

Tatizo ni kwamba programu hudai mstari mmoja, ilhali mkono ule ulijaa na kupwa kila siku, na ukingo wake wakati wa bamvua haukuwa ule wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo. Ng'ambo kuna ugumu mkubwa zaidi. Wachoraji wa kigeni walivutiwa na majengo ya mawe kuliko nyumba za udongo na makuti, na baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Tukizikisia, kompyuta itazionyesha kwa uhakika uleule inaouonyesha kwa Ngome Kongwe, na kijana atakayeiona picha hiyo hatakuwa na njia ya kutofautisha kilichopimwa na kilichobuniwa.

Hata hivyo, kuiacha kazi hii kungekuwa hasara kubwa zaidi, kwa sababu wazee wanaoikumbuka mitaa ile wanapungua. Naona ifanyike, ila kila mstari uandikwe chanzo chake, ukingo wa maji uchorwe mara mbili, wa kujaa na wa kupwa, na mahali ambapo ushahidi pekee ni kauli ya mzee, sauti yake iambatanishwe hapohapo. Nakala kamili ikae katika hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, ambako mkaazi wa Ng'ambo anaweza kwenda kuikagua na kudai isahihishwe.