Roboti ifundishwe kwanza kupokezana maneno

Makala moja niliyoisoma inasema roboti za kukaa na watu zitapendwa zikipewa sura inayofanana kabisa na ya binadamu. Sikubaliani. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alishaonya tangu 1970: roboti ikikaribia mno kufanana na mtu bila kufika, watu huanza kuiogopa. Tazameni Paro, roboti ya Japani yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini. Haisemi neno, lakini ukiipapasa inageuza kichwa na kupepesa macho, na wapo wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanaoikumbatia na kutulia.

Kinachowachosha watu hasa ni mazungumzo. Sisi tukiongea, mmoja akimaliza mwenzake hudakia mara moja, hata sekunde haipiti. Sasa roboti ikikaa kimya sekunde 3, mzee anadhani hajasikika, anarudia swali, na papo hapo mashine inaanza kujibu lile la kwanza. Wanakatizana hadi mtu anaiacha. Hata kuinamisha kichwa kidogo au kuguna "mh" kungemjulisha kwamba amesikika! Wabunifu, tafadhali, kaeni na wazee wenyewe muwasikilize wanavyoongea kabla ya kuchonga sura yoyote.