Mtoto anayetoa uloto naye aulizwe

Siku majibu yalipoonyesha kwamba uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mtoto mdogo wa dada yangu unalingana na wa kaka yake mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, sebule ililipuka kwa vigelegele. Baba mkubwa akampakata: "Wewe ndiye mkombozi wa nyumba hii." Mtoto, miaka tisa, akauliza, "Nitachomwa sindano?" Hakuna aliyemjibu.

Furaha ile naielewa. Nimekesha wodini na yule mkubwa akilia mifupa. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na upandikizaji wa uloto, unaofanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023, unaweza kumponya mtu kabisa. Kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana ni moja kati ya nne. Ukiipata unapiga magoti.

Ila anayetoa haumwi. Atapigwa nusu kaputi, uloto uvutwe kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Mwili huurudisha baada ya wiki kadhaa, tofauti na figo, ambayo ikitoka imetoka. Kwa hiyo sipingi atoe. Napinga kufanywa akiba ya mwenzake kabla hajafungua mdomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kusikilizwa katika yanayomhusu, lakini wanaomtilia sahihi ni wazazi wale wale wanaomlilia mgonjwa. Dada yangu simlaumu hata kidogo. Huwezi kumtetea mwanao mmoja huku mwingine anakufia mikononi. Ndiyo maana nataka awepo daktari au ofisa ustawi wa jamii asiyemhudumia mgonjwa, akae na mtoto faragha, amweleze yote, sindano ikiwemo, na amwambie kwamba anaweza kukataa.

Akikataa je? Hapo ndugu zangu hunikatiza. Nasema asilazimishwe, na asithubutu mtu kumwambia kwamba kaka yake akifa ni juu yake. Aachwe siku kadhaa, aulizwe anaogopa nini.

Jumapili nilikaa naye barazani nikamweleza nilichokijua. Alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Mama mdogo, nikiamka, mama atakuwa kwangu au kwa kaka?"

Nilimpigia dada simu pale pale, nikampa mtoto aulize mwenyewe.